Salamu Nilizozikata

Katika kundi la familia yetu kwenye simu tuko watu arobaini na wanne. Nimehesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilimhesabu mpwa wangu mmoja mwenye laini mbili kama watu wawili. Kila asubuhi, kabla baridi ya Sumbawanga haijaniruhusu kutoa mkono nje ya blanketi, zinaingia picha za maua zilizoandikwa asubuhi njema, kisha shangazi yetu anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika mbili za kwanza ni salamu. Anamsalimu kila mmoja kwa jina, halafu anauliza habari za watoto wa kila mmoja, halafu ndipo anasema bei ya mbolea.

Huyo mpwa wangu wa laini mbili husikiliza kwa kasi maradufu.

"Mjomba, kuna kitufe hapo," akanionyesha siku moja. "Unabonyeza, shangazi anamaliza kwa dakika mbili."

"Anasikikaje?"

"Kama kuku aliyekanyagwa. Lakini unaelewa."

Watu wa rika langu wakisikia hayo hutikisa vichwa na kusema simu imeua salamu. Husemwa kwenye vikao vya harusi, husemwa msibani, husemwa na watu walioinamia simu. Mimi hunyamaza. Si kwamba sina maoni. Nina maoni juu ya kila kitu kinachochajiwa. Nina maoni juu ya kompyuta ya dukani kwangu, inayokaa wiki nzima bila kazi na kuomba kujiboresha siku ambayo kuna foleni. Nina maoni juu ya simu inayosahihisha Kiswahili changu kiwe Kiingereza, kama mwalimu ambaye hajaulizwa. Lakini kuhusu salamu hunyamaza, kwa sababu hapa kwetu mimi nilianza kuzikata mapema kuliko wengi, nikiwa na kidole gumba tu, na kuna mtu aliyelipia.

Miaka ile viwanda na karakana za serikali zilikuwa zinauzwa kwa watu binafsi, na kila aliyepunguzwa kazi alifungua kibanda. Mimi sikupunguzwa popote, maana sikuwahi kuajiriwa. Nilikuwa nauza makoti ya mitumba, na mji wetu ni wa baridi, kwa hiyo sikulala njaa. Mnara wa simu uliposimamishwa, nikayauza makoti yaliyobaki kwa jumla, nikaongezea na baiskeli, nikanunua simu ya mkononi, lile jitu ambalo watu waliliita mche wa sabuni. Nikapigilia mabati matatu na meza karibu na stendi, nikaandika kwa chaki: SIMU. MESEJI. KUSOMEWA BURE.

Hilo la kusomewa bure ndilo lililokuwa akili yangu. Mtu akisomewa bure, lazima atajibu, na kujibu si bure.

Aliyepiga simu alilipa kwa dakika. Simu ilihesabu sekunde na mimi nilihesabu sekunde, kwa hiyo zilihesabiwa mara mbili. Ikifika hamsini nilikuwa napunga mkono, mteja anakatisha maneno, na hata aliyeanza na kilio alimaliza na haya basi. Meseji ndiyo ilikuwa na ufundi wake. Simu ilikupa herufi mia moja na sitini, basi, na kwenye kona juu kulikuwa na namba inayoshuka kila unapobonyeza, mia na hamsini na tisa, mia na hamsini na nane. Ikiisha, inaanza meseji ya pili, na hiyo inalipiwa tena. Nilipatana na wateja kwa meseji moja moja, nao walinishusha bei kama walivyozoea kunishusha kwenye makoti.

Vibonyezo vyenyewe vilikuwa vya namba. Kupata s unabonyeza saba mara nne. Neno shikamoo peke yake ni mibonyezo kumi na tisa. Nimehesabu mara mbili. Ukiwa na vidole vilivyoganda na watu watano kwenye foleni, unaanza kupata maoni kuhusu shikamoo. Maoni yangu yalikuwa kwamba salamu si habari. Nilikuwa nayasema kwa sauti, na vijana wa stendi waliyapenda. Wao walishaanza kuandika mambo na poa tu, na walinitaja kama mshikaji anayekwenda na wakati.

Lakini sisi wa huku juu Ufipa salamu haina haraka. Mtu akikutana na mkubwa wake huchuchumaa, hupiga makofi taratibu, akaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe, naye akauliza vilevile, na kama kuna shida yoyote itasemwa mwishoni, wakati wa kuinuka. Barua nayo ilikuwa hivyo. Nusu ukurasa ilikuwa salamu, na ukiona salamu zimejaa unajua hakuna aliyekufa, unaweza kuendelea kusoma ukiwa umekaa. Habari pekee iliyokuja bila salamu ilikuwa simu ya maandishi ya posta, iliyolipiwa kwa neno. Na ile haikusema kafa. Hakuna aliyeandika kafa kwa mtu aliye safarini peke yake. Ilisema anaumwa. Kwa hiyo ugonjwa uliokuja na salamu ulikuwa ugonjwa, na ugonjwa uliokuja mtupu ulikuwa msiba. Hakuna aliyetufundisha hilo. Mimi pia nililijua, kama ninavyojua njia ya kwetu.

Basi mama mmoja alikuja mwezi wa sita, siku ya upepo, akitokea Msanzi kwa lori la mahindi. Alikuwa mama wa makamo, kitenge juu ya sweta la kiume, na alikuwa ameshika kipande cha boksi la sabuni kilichoandikwa namba. Ilikuwa namba ya msimamizi wa karakana moja Mbeya, ambako mwanawe wa kwanza alikuwa anajifunza ufundi wa magari. Karakana ilikuwa imenunuliwa na mtu binafsi, naye aliwachukua vijana kwa majaribio ya miezi mitatu: anayefaa anabaki, asiyefaa anaondoka. Kijana alikuwa amebakiza wiki mbili.

Tulipatana. Nilitaja bei, akacheka kwa adabu, akataja nusu, nikaapa, akainuka kama anaondoka, nikamwita. Tukaishia bei ya meseji moja pungufu kidogo. Kisha akasogeza kigoda, akaniamkia kwa makofi ingawa mimi ndiye mdogo, akaanza.

"Mwambie hujambo mwanangu. Sisi huku hatujambo. Baba yako anakusalimu, bibi yako anakusalimu sana, mdogo wako wa kike amepona jino anakusalimu. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Baba yako kifua kilimbana, ila sasa anakunywa uji na juzi ameenda shamba mwenyewe. Usihangaike. Usije sasa, malizia majaribio yako, utatukuta tumeshavuna. Wasalimu wenzako wote na huyo mkubwa wako anayekupokelea simu. Ni mimi mama yako."

Nilikuwa nahesabu akilini wakati anasema. Zilikuwa meseji tatu. Alikuwa amelipia moja pungufu. Ningeweza kumwambia, mama, hii haiingii, chagua unachotaka kibaki. Angechagua. Mtu anayejua kushusha bei anajua pia kuchagua. Lakini foleni ilikuwa ndefu na vidole vilikuwa vinauma, nami nilishajua kilicho habari na kisicho habari. Nikaandika:

Baba yako kifua kilimbana. Usihangaike. Mama.

Herufi arobaini na tano, ukitia nukta na nafasi. Hata meseji moja haikujaa. Zilibaki mia moja na kumi na tano, ambazo alikuwa amezilipia, na ng'ombe mwekundu na bibi na uji wote wangeenea humo kama ningejibana. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara zinabaki mia moja na kumi na tano.

"Nisomee," akasema.

Hapa ndipo penyewe. Nilishika simu mbele ya uso wangu kama mtu anayesoma, nikamsomea yote. Hujambo mwanangu, sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu. Sikusahau hata jino la binti. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri; mwenye kuuza mitumba hukumbuka kila koti na bei aliyoitaja kwa kila mtu. Nilisoma haraka haraka, bila kusimama, na yeye alitikisa kichwa kila nilipomtaja mtu wa kwao, kama anawaona wanapanda kwenye gari mmoja mmoja.

"Vizuri," akasema. "Asante, baba."

Siku ya tano alirudi, na mwanawe yuko naye.

Kijana alikuwa mrefu, amevaa ovaroli iliyofuliwa, na alikuwa amekonda usoni kwa namna ya mtu ambaye hajalala. Mama ndiye aliyeanza kusema, na alisema bila hasira, kama mtu anayeleta redio iliyoharibika kwa aliyemuuzia. Meseji ilifika kwa msimamizi. Msimamizi akaisoma, akamwita kijana pembeni, akamshika bega kwanza ndipo akampa simu. Kijana akaisoma akakaa chini. Mafundi wakasimamisha kazi. Kofia ikapita, kila mtu akaweka rambirambi yake, majina yakaandikwa kwenye karatasi, na mke wa msimamizi akaongeza shuka jeupe la kumfunikia marehemu. Akapewa ruhusa siku nne. Akapanda gari la Tunduma, akaunganisha la Sumbawanga, vumbi mpaka masikioni, akafika Msanzi analia tangu njia panda, na nyuma yake wamama wa jirani wameshaanza kulia pia bila kujua wanamlilia nani.

Baba yake alikuwa amekaa uani anapukuchua mahindi.

"Aliniuliza nani amekufa," kijana akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo.

"Na ulipomwambia?"

"Alitaka kuiona ile karatasi ya majina. Akasema hakujua anapendwa hivyo Mbeya, maana hajawahi kufika."

Nilicheka. Wao hawakucheka. Nikaacha.

Kijana akatoa kikaratasi, nyuma ya risiti ya vipuri, alikoinakili meseji kwa kalamu ya risasi. Akaisoma kama ilivyokuwa, nukta kwa nukta. Kisha akanitazama. "Kaka, mama anasema alikutajia mpaka jino."

"Alinitajia," nikasema. "Nikaandika yote. Mtandao huu, ndugu yangu. Upepo ukiwa mwingi hukata maneno njiani."

"Hukata salamu tu?"

"Hukata popote."

"Basi upepo huo una akili. Umeacha nukta zote mahali pake."

Nyuma yao kulikuwa na watu watatu wanasubiri, na wote walikuwa wameacha kuzungumza. Mmoja alikuwa mwalimu, mwingine mama wa Kisukuma aliyekuwa akinijia kila wiki kwa ajili ya kaka zake waliobaki na ng'ombe kwao. Huyo Msukuma hakujua kusoma kabisa. Kila alichokijua kuhusu kaka zake kilikuwa kimepita mdomoni mwangu.

Ndipo mama wa kijana akanitetea. Hilo ndilo ambalo mpaka leo linanifanya nigeuze uso nikiwa peke yangu.

"Usimwonee mwenzio," akamwambia mwanawe. "Mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa. Alinisomea yote, nimesikia kwa masikio yangu, salamu zote zilikuwemo. Huyu hakukosea."

"Basi tuangalie kwenye simu," kijana akasema. "Zilizotumwa hubaki humo."

Alikuwa anajua simu. Nikaigeuza kwangu, nikafungua zilizotumwa, ikawa pale, arobaini na tano zake. Nikabonyeza kufuta. Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Siku ile nzima ndiye pekee aliyeniuliza swali hilo, na alikuwa mashine. Nikabonyeza ndiyo.

"Haipo," nikasema. "Hukaa kumi tu, zikizidi ya zamani hujifuta."

Huo pia ulikuwa uongo, lakini mdogo, na nilishauzoea kama baridi.

Kijana akakunja kikaratasi chake, kisha akasema kilichowaleta hasa. Hawakuja kugombana. Rambirambi ilikuwa mfukoni kamili, ndani ya bahasha, na alitaka kuirudisha, lakini pale karakana kulikuwa na fundi mmoja aliyewahi kuchangiwa maziko ya baba watatu kwa mwaka mmoja, na wote alidai ni wa kumzaa, kwa hiyo baba anayefufuka asingepokelewa vizuri. Alitaka kupiga simu kwanza. Nikampa. Akaongea akiwa amesimama wima, kama msimamizi anamwona. Aliposikia jibu akafunika simu kwa kiganja.

"Anataka kuongea na wewe. Anasema kama aliyeandika atamwambia mwenyewe kwamba makosa yametokea huku, nirudi Jumatatu, yaishe. Asipothibitisha, nisirudi."

Nikaichukua. Sekunde zilikuwa ishirini na tano za dakika ya kwanza.

"Wewe ndiye mwenye simu?" Sauti ya mtu mzima, si ya ukali.

"Ndiyo, bwana."

"Uliiandika wewe ile meseji?"

"Ndiyo. Ila mtandao wa huku, upepo..."

"Sikiliza. Nimetumia simu hizi tangu niko Dar. Meseji hufika au haifiki. Haikatwi salamu ikaachiwa nukta. Kwa hiyo ama mama ndiye aliyesema hivyo, ama wewe ndiye uliyeandika hivyo. Sina ugomvi na yeyote. Nataka kujua tu kama huyu kijana ni mwongo. Ni yupi?"

Mama alikuwa ananitazama kwa upole, mikono imekutanishwa, tayari kupiga makofi ya kushukuru. Wale watatu wa foleni walikuwa wananitazama. Niliona kibao changu cha chaki, kusomewa bure. Niliona kwamba nikisema neno moja tu, 'mimi', kesho yake yule mama wa Kisukuma atajiuliza kaka zake walisema nini hasa. Na niliona sekunde: hamsini na mbili, hamsini na tatu.

"Mimi naandika ninachoambiwa, bwana," nikasema.

"Haya," akasema. "Nimekuelewa."

Simu ikakatika kwenye hamsini na nane. Dakika moja haikuisha.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Amesema ameelewa."

Hilo halikuwa uongo. Nikawatoza dakika moja, kijana akalipa kwa pesa zake, si za kwenye bahasha. Mama akapiga makofi.

Jibu lilikuja Jumamosi, nao walikuja kulifuata siku hiyo hiyo kwa sababu walikuwa na haraka na Jumatatu. Nilikuwa nimeshalisoma tangu asubuhi. Kwa mara ya kwanza nilitamani mtandao wetu uwe kweli kama nilivyokuwa nausingizia. Nilimsomea kijana kwa sababu ndivyo kibao kilivyosema, ingawa alikuwa anajua kusoma kuliko mimi. Asirudi. Nafasi imepewa mwingine. Rambirambi za watu ampe kondakta wa basi, na karatasi ya majina, na shuka.

"Ameanzaje?" mama akauliza.

"Ameanza hivyo hivyo, mama. Moja kwa moja."

"Hakusalimu?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea habari nzima. Kijana alichukua simu mkononi mwangu, akajisomea, akanirudishia. Alinitazama muda wa kutosha mimi kusema kitu. Akamshika mama yake kiwiko wakaondoka kuelekea lilipokuwa lori, na kutoka kibandani niliona ovaroli yake mpaka walipopinda.

Hakurudi Mbeya tena. Sio karakana ile tu. Mafundi wanajuana, na jina la mtu aliyechangisha kwa baba aliye hai husafiri bila kuhitaji mnara. Alibaki Msanzi akalima. Baadaye nilisikia anatengeneza baiskeli na mashine za kusaga, na kwamba mkono wake ni mzuri. Niliposikia hivyo niliona vibaya zaidi kuliko kama ningesikia ni mzembe.

Mama alirudi kibandani mwezi wa nane. Peke yake. Nilipomwona anashuka kwenye lori nilifikiria kufunga, lakini kibanda hakikuwa na mlango. Alikuja akaniamkia kama kawaida, akauliza habari za nyumbani kwangu zote, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa meseji kwa binti yake mkubwa aliyeolewa Namanyere. Imeandikwa vizuri kwa kalamu, mwandiko wa fundi, herufi kubwa zilizosimama, salamu kuanzia juu mpaka katikati. Na juu kabisa kwenye kona, mahali ambapo simu huweka namba yake, palikuwa pameandikwa: 312. Meseji 2.

"Kijana wangu amehesabu," akasema. "Amesema na wewe uhesabu."

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Akaweka mezani bei ya meseji mbili kamili, bila kunishusha. Hakuwa amewahi kulipa bei kamili kwangu, na nadhani hakuwa amewahi kulipa bei kamili kwa yeyote. Sikujua la kufanya na pesa ambayo haikubishaniwa. Nikaandika, kila shikamoo na mibonyezo yake kumi na tisa, kila jina, mpaka mwisho wa meseji ya pili.

"Nisomee."

Nikasoma. Safari hii nilikuwa nasoma kweli, kwa hiyo nilisita kwenye majina, nikarudi mahali nilipokosea mstari, nikasimama kwenye nukta. Aliponisikia nimemaliza alifunga pesa zilizobaki kwenye pindo la kitenge chake.

"Leo umesoma polepole," akasema.

Akainuka, akaniaga vizuri, akasema nimsalimie mke wangu. Niliona basi kwamba anajua, na huenda alishajua ile Jumamosi, huenda tangu nilipokuwa nasema upepo, na kwamba alikuwa amenipa nafasi zaidi ya moja kwa bei ambayo mtu mwingine asingenipa. Wakati anavuka barabara nilifungua mdomo. Mteja aliyefuata alidhani namwita yeye, akakaa.

Aliendelea kuja kwa miaka miwili, kila mara na karatasi, kila mara na namba kwenye kona. Sikuwahi kuikuta imekosea. Halafu simu zikashuka bei, akapata ya kwake, na vibanda vyetu vikafa kimoja kimoja. Sasa nina duka la kuchapisha na kutoa nakala, na vijana wanaokuja kunisimulia kwamba teknolojia haina moyo. Huwa nawapa nakala zao. Ile simu yangu ilikuwa na moyo kuliko mimi, iliuliza kwanza.

Namba ya yule kijana ninayo, ingawa sasa naye ana mvi. Niliipata kwa mtu aliyetengenezewa mashine naye. Siku hizi hakuna mia na sitini. Unaandika mpaka uchoke, na herufi s iko peke yake kwenye kioo, unaigusa mara moja. Nimeanza kumwandikia mara nyingi, na naanza kama inavyopasa, shikamoo kwa wazazi, habari za nyumbani, habari za shamba, mdogo wako wa kike, ng'ombe, watoto. Naandika salamu ndefu kuliko za mama yake. Halafu zinaisha, nafika mahali pa kusema lile lililonileta, naitazama nafasi yote iliyobaki chini yake, nyeupe, haina namba, na nafuta.